Jina la Babu Halimo Daftarini



Pale mjini Dar es Salaam, mahali ambapo barabara ya Samora inakutana na ile ya Azikiwe, ipo sanamu ya askari wa shaba aliyeinama mbele, bunduki mkononi na singe ikielekea bandarini. Sote tunaijua. Kituo cha mabasi hapo kinaitwa Posta, lakini ukimwambia mtu "tukutane Askari" hatauliza askari gani. Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka 1927 na ina maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yanayowasifu askari wenyeji na wapagazi waliokufa katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918. Siku utakayopata nafasi, simama uizunguke polepole. Utaona sifa nyingi. Utakachokosa ni jina la mtu. Hakuna hata moja.

Nimeanza na sanamu hiyo kwa sababu ya barua niliyoletewa kutoka Kibiti. Aliyeiandika ni kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na asili ya kwao ni vijiji vya huku chini, kwenye delta ya Rufiji, upande wa Salale. Anaeleza habari za watu wawili wa ukoo wake. Wa kwanza ni baba mzazi wa babu yake, ambaye nyumbani husimuliwa kwamba alivuta mizinga ya manowari ya Kijerumani kwa kamba. Baadaye Waingereza walipofika wakamchukua kuwa mpagazi, akaenda wala hakurudi. Wa pili ni babu mwenyewe, mtoto aliyeachwa mgongoni mwa mama, ambaye alipokuwa mtu mzima aliingia keya, yaani King's African Rifles, akapigana Bama katika vita vya pili. Huyo alirudi na cheti cha kutoka jeshini na medali moja. Alifariki mwaka 1987. Mke wake mdogo, bibi wa huyu kijana, yu hai, na kila mara humwambia: "Mjukuu wangu, babu yako alisema zilikuwa nne. Tatu ziko wapi?"

Basi kijana ananiuliza: je, daftari la jeshi la zamani namna ile linaweza kusahihishwa? Jibu langu ni ndiyo kwa mmoja, na kwa mwingine ni ndiyo ya namna nyingine kabisa. Nitaeleza, maana naamini barua hii si ya Kibiti peke yake.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Sisi tuna desturi ya kuita kila kitu kinachoning'inia kifuani nishani. Jeshini kuna tofauti. Ipo nishani ya tendo, anayopewa mtu kwa sababu kiongozi wake alimwona akifanya jambo la ushujaa, akaliandika na kulipeleka juu. Na ipo medali ya kushiriki, ambayo haiulizi ushujaa wako; inauliza tu kama ulikuwepo mahali fulani, tarehe fulani, kwa siku kadhaa. Hii ya pili ni haki, kama mshahara ulivyo haki. Ukitimiza siku ni yako, hata kama kazi yako ilikuwa kupika ugali nyuma ya mstari. Zile anazoulizia bibi wa Kibiti ni za aina hii ya pili. Jambo hili lina faida kwake, kwa kuwa hahitaji shahidi wa ushujaa. Anahitaji kuthibitisha mambo mawili tu: kwamba mumewe ndiye yule, na kwamba alikuwa pale.

Mambo mawili tu, nimesema. Lakini ndiyo yaliyowashinda wengi.

Turudi delta, tuanze na yule wa kwanza. Mwezi Septemba mwaka 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilivamia bandari ya Zanzibar na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus. Kisha mashine zake zikaharibika, ikajificha ndani ya milango ya Rufiji, katikati ya mikoko ambako mgeni asiye na mwenyeji hawezi hata kujua mto ni upi na mkono wa bahari ni upi. Waingereza walikaa nje miezi mingi. Walileta ndege, wakazirusha kutoka Mafia baada ya kukiteka kisiwa hicho, na mwishowe wakaleta merikebu mbili za kina kifupi, Severn na Mersey. Zilishambulia tarehe 6 Julai 1915 zikashindwa, zikarudi tarehe 11 Julai, na siku hiyo Königsberg ikaisha.

Sasa angalia yaliyofuata katika madaftari. Rubani na mwenzake walioelekeza mizinga kutoka angani siku ile, ambao ndege yao ilipigwa ikaangukia mtoni, wote wawili walipewa nishani ya DSO. Majina yao yapo, vyeo vyao vipo, saa na mahali vipo. Upande wa pili Wajerumani waliitoa mizinga kumi ya manowari ile kutoka kwenye maji na matope, ikavutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam ili iendelee kupigana. Nani aliivuta? Hakukuwa na trekta wala reli kutoka delta. Ilivutwa na watu, mamia ya watu, kwa kamba na magogo, kupita kwenye mchanga na mabonde ambayo hata leo mvua ikinyesha dereva wa lori anasita. Mzinga mmoja unao leo Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Chuma kile kimewekewa kibao kinachoeleza kilikotoka. Waliokivuta hawana kibao, na sijui kama kuna karani yeyote aliyepata kuwahesabu.

Waswahili wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbe na watu.

Vita ilipopita delta haikwenda mbali. Mwezi Januari mwaka 1917 majeshi ya Kiingereza yaliufikia mto Rufiji upande wa juu, kule Beho Beho, ambako mwindaji mashuhuri Frederick Selous aliuawa tarehe 4 ya mwezi huo. Yeye ana kaburi, na kwa miaka mingi pori zima lilibeba jina lake. Kisha mvua za masika zikashuka, mto ukajaa, njia zikakatika, na askari wa kutoka Nigeria waliokuwa wamevuka wakashinda na posho nusu, kisha pungufu ya hapo. Kama askari mwenye bunduki alikuwa na njaa, mpagazi aliyembebea chakula hicho alikuwa na hali gani? Mpagazi alikufa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu, kwa malaria na kwa kula unga ambao haukuiva. Wanaokisia wote waliotumika upande wa Mwingereza katika vita ile ya Afrika Mashariki wanafika karibu milioni moja, na vifo vilivyoandikwa vya wapagazi peke yao vinakaribia 95,000. Wachunguzi wengi huona hesabu hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Jeshi hilo la wapagazi Waingereza waliliita Carrier Corps. Ulimi wetu ukalitengeneza likawa Kariakoo, na kambi yao ndiyo iliyoacha jina hilo hapa Dar es Salaam, kama lilivyobaki Nairobi vilevile. Kwa hiyo kila unapokwenda kununua dagaa na vitenge unataja jeshi hilo zima kwa jina lake. Ni mtu mmoja mmoja ndiye aliyekosa kutajwa.

Kwa nini hakutajwa? Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo ya leo, na naomba tuende taratibu.

Karani wa jeshi alikuwa na kitabu chenye mistari, na kila mstari uliuliza namba, jina, jina la baba, kabila na jumbe wake. Mzee wa Kindengereko akija mbele ya karani kutoka Nyasaland au Mhindi au Mwingereza, anasema jina lake, karani anaandika alichosikia. Mwinyimkuu anaweza kuwa Mimuku. Abdurahmani anakuwa Drahamani, na mwaka unaofuata, kwa karani mwingine, anakuwa Ramani. Zaidi ya hayo wapo vijana waliotaja kabila lisilo lao kwa makusudi, kwa kuwa wakubwa wa jeshi walikuwa na imani yao kwamba makabila fulani ndiyo ya vita na mengine ni ya kuvua samaki na kulima mpunga. Kijana wa Rufiji akisikia wanatakiwa Wangoni, basi siku hiyo yeye ni Mngoni. Ukimtafuta leo chini ya Wandengereko humpati, na si kwamba hayumo. Yumo kwa ukoo wa watu wengine.

Halafu kuna jambo ambalo Waingereza wenyewe liliwachanganya. Askari wengi wa Kijerumani waliotekwa walihamia upande wa pili. Kikosi cha 6 cha KAR kiliundwa mwaka 1917 hasa kwa askari wa namna hiyo. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na miaka mitatu kwa Mjerumani na mmoja na nusu kwa Mwingereza, majina mawili, namba mbili, na hakuna daftari moja linalomjua mtu mzima. Kikosi hicho cha 6 ndicho kilichokuja kuwa kikosi cha Tanganyika, na mwaka 1961 kikageuka Tanganyika Rifles. Baada ya maasi ya Januari 1964 jeshi hilo lilivunjwa, na JWTZ ikazaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo.

Lakini makarani wasibebeshwe mzigo wote. Baada ya vita ile ya kwanza ulifanywa uamuzi. Tume ya makaburi ya vita, iliyoundwa mwaka 1917, ilikuwa na kanuni nzuri kwamba waliokufa wote watatendewa sawa bila kujali cheo wala rangi. Huku kwetu kanuni hiyo haikufuatwa. Maofisa wa tume na wa serikali za makoloni walikubaliana kwamba Mwafrika hahitaji jiwe lenye jina, ati hatalielewa, na kwamba sanamu za jumla zitatosha: moja Dar es Salaam, moja Nairobi, moja Mombasa. Haya sikuyatoa kijiweni. Yaliandikwa na tume yenyewe katika ripoti iliyotolewa mwezi Aprili mwaka 2021, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Kwa mtazamo wangu radhi ile ilikuwa ya kiungwana, ingawa ilichelewa karibu miaka mia moja, na mjane wa mpagazi hakuwepo kuisikia.

Sasa, ndugu yangu wa Kibiti, kwa baba wa babu yako hali ni hii. Medali ya Vita ya Kwanza huwezi kuidai tena, maana Uingereza haitoi medali mpya za vita ile, hata kama ilikuwa haki ya mtu. Mlango huo umefungwa. Jina ndilo linaloweza kuingizwa. Tume ya makaburi hupokea madai ya watu waliosahauliwa, mradi ithibitike kwamba mtu alikuwa katika utumishi wa jeshi la Mwingereza na kwamba alikufa kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na tarehe 31 Agosti 1921. Akikubaliwa anaandikwa katika kumbukumbu za kudumu kama anavyoandikwa jenerali. Alivyovuta mizinga ya Mjerumani hakumsaidii hapo. Kinachomsaidia ni ile safari ya pili ambayo hakurudi. Kwa hiyo mkiulizana nyumbani, msiishie kwenye hadithi tamu ya manowari. Ulizeni: alichukuliwa mwaka gani, mvua ya masika au kabla? Na nani wengine wa kijiji? Jumbe alikuwa nani? Nani aliyeleta habari ya kifo, na alisema ni wapi? Mwenzake aliyerudi akimtaja, huyo ndiye shahidi, hata kama sasa ni mjukuu wake anayerudia maneno.

Tumfikie babu wa Bama, ambaye jambo lake ni jepesi zaidi.

Vita vya pili vilichukua Watanganyika wapatao 87,000. Wengine walipelekwa Uhabeshi mwaka 1941, wengine Madagaska mwaka 1942, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikaenda Bama, ikapita bonde la Kabaw kwenye matope na malaria hadi kuuvuka mto Chindwin mwezi Desemba 1944. Medali za vita ile zina masharti yaliyo wazi. Nyota ya Bama ilihitaji siku moja tu ya kazi ya vita ndani ya nchi ile. Nyota ya 1939 hadi 1945 ilihitaji, kwa kawaida, miezi sita ya kazi ya vita. Medali ya Vita ilikuwa ya kila aliyetumika siku 28. Nyota ya Afrika ilitolewa pia kwa waliopigana Uhabeshi na Somalia. Chukua cheti cha babu, tazama kikosi chake na tarehe zake. Kama kikosi kilikuwa Uhabeshi mwaka 1941 naye akiwemo, na kikawa Bama mwaka 1944 naye akiwemo, basi hesabu ya bibi ni sahihi kabisa, ni nne, na cheti chenye medali moja ndicho kilichokosea. Bibi hajui kusoma, lakini daftari lake la kichwani limeshinda la ofisi.

Ila naomba nitoe tahadhari. Iko tofauti kubwa kati ya medali ambayo haikutolewa na medali iliyopotea. Ya kwanza unaidai. Ya pili unaomba ibadilishwe, na masharti yake ni mengine. Wengi huchanganya mambo hayo katika barua moja, ofisi ikasoma ikaona maneno hayalingani, faili likawekwa pembeni. Semeni ukweli. Kama babu alipewa nne akauza tatu wakati wa njaa, si aibu, lakini msiandike kwamba hakupewa. Na kama hazikuja kabisa, andikeni hivyo, mkaambatisha nakala ya cheti. Nakala, si chenyewe. Nimeona cheti cha namna hiyo ambacho mjukuu mwenye nia njema alikiongezea medali zinazokosekana kwa kalamu ya wino, kikafa papo hapo kama ushahidi. Mwingine alikipeleka stesheni kikabanwa ndani ya plastiki, na joto likafuta maandishi ya penseli ya mwaka 1946. Kiacheni kilivyo.

Na ile medali moja iliyopo, igeuzeni muitazame pembeni. Medali za fedha za vita ya kwanza ziliandikwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe, hivyo mtu akiiokota shambani inaweza kumtaja aliyeivaa. Za vita ya pili za Waingereza aghalabu ziko tupu. Kwa hiyo medali ya babu wa Bama, peke yake, haithibitishi kitu. Inayothibitisha ni namba yake ya jeshi. Namba hiyo ikipatikana, hata kwenye barua ya zamani, kwenye kipande au nyuma ya picha, kazi imefika nusu. Jina linaweza kuandikwa kwa namna sita, bali namba huandikwa kwa namna moja. Anayestahili kuomba ni mwenyewe, na akiwa amefariki ni ndugu wa karibu kisheria, mjane akiwa wa kwanza. Bibi atie dole gumba. Barua ya mjukuu peke yake wakati mjane yu hai itarudishwa.

Mtu atasema: vipande vya chuma vya mkoloni, vya nini leo? Nimeulizwa hivyo hata na watu wa chumba cha habari. Nami huwajibu kwa hesabu. Mwaka 2019 zilifichuliwa hati zilizoonyesha jinsi kiinua mgongo cha vita vya pili kilivyopangwa katika jeshi la Afrika Mashariki: Mzungu wa cheo cha chini kabisa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumika, Mwafrika wa cheo hichohicho shilingi 3 na nusu. Mwaka mmoja kabla yake serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza paundi milioni 12 za kuwasaidia wapiganaji wa zamani wa Jumuiya ya Madola na wajane wao wapate angalau milo miwili kwa siku. Mjane anayetaka msaada wa namna hiyo huulizwa swali lilelile: mumeo alikuwa nani, na alikuwa wapi? Rekodi iliyo pungufu humfanya mumewe aonekane kama mtu aliyekaa ghalani Dar es Salaam miezi miwili. Hilo ndilo lililo mezani. Medali ni alama ya kuonekana kwa macho, lakini nyuma yake kuna sahani ya chakula.

Tena mkoloni mwenyewe hakuona haya kusahihisha madaftari yake pale alipotaka. Sajenti Nigel Leakey, mlowezi wa Kenya aliyekuwa katika kikosi cha kwanza cha 6 cha KAR, yaani kikosi cha Tanganyika, aliuawa Colito, Uhabeshi, tarehe 19 Mei 1941 baada ya kurukia vifaru vya Waitaliano mkononi akiwa na bastola. Nishani yake ya Victoria Cross ilitangazwa mwezi Novemba 1945, miaka minne na nusu baadaye. Alistahili, sina neno juu ya hilo. Lakini nishani iliyochelewa hivyo ilifika kwa kuwa walikuwepo watu wenye kalamu walioendelea kuandika. Hakuna askari Mwafrika wa KAR aliyepata nishani hiyo katika vita vyote viwili, na sidhani kwamba ni kwa sababu ushujaa ulikuwa wa rangi moja.

Wajerumani nao wana kisa chao, na hiki hunichekesha kisha kinaninyamazisha. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai huku kwetu, na ofisi ya muda ikafunguliwa Mwanza. Inasimuliwa kwamba walikuja wazee wapatao 350. Wachache walikuwa na hati alizowaandikia kamanda wao, Lettow-Vorbeck, aliposalimu amri mwezi Novemba 1918. Wengine walileta vipande vya kanzu za jeshi zilizochakaa. Waliobaki hawakuwa na kitu. Afisa wa benki akamwita kila mmoja mbele, akampa ufagio badala ya bunduki, akampigia amri za gwaride kwa Kijerumani. Husimuliwa kwamba hakuna aliyeshindwa. Miaka 46 imepita, karatasi imeliwa na mchwa, na mwili unakumbuka.

Kwa babu wa Kibiti ufagio hautafaa tena, kwa kuwa ameshatangulia. Lakini funzo la afisa yule kuhusu ushahidi ni kubwa: anayetaka kumthibitisha mtu hupata njia. Nyimbo za safari alizoimba babu, majina ya Kihindi ya vituo vya treni aliyowatajia watoto, jina la afisa wake, jina la meli iliyomchukua Mombasa, hayo yote yakiandikwa na kulinganishwa na safari za kikosi yanaweza kutia nguvu cheti kilicho pungufu.

Na mambo haya yanatendeka. Mwezi Novemba 2023, katika makaburi ya vita ya Kariokor, Nairobi, Mfalme Charles aliwakabidhi wazee wa Kenya waliopigana vita vya pili medali badala ya zile zilizopotea. Baadhi yao walikuwa wamezitupa wenyewe wakati wa mapambano ya Mau Mau, maana kukutwa na medali ya Mwingereza kulikuwa hatari. Huko huko Kenya yamepatikana, katika kumbukumbu zinazotunzwa na jeshi la nchi hiyo, majalada ya KAR ya vita ya kwanza yenye majina yanayofikia maelfu ya watu. Na mwezi Januari 2025, Cape Town, ilizinduliwa kumbukumbu ya vibarua wa jeshi wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700 waliokufa vitani bila kaburi linalojulikana. Kila mmoja amechongewa nguzo ya mvule yenye jina lake. Mvule, msikilizaji, mti ambao seremala wa Kibiti anaujua kwa harufu.

Kwa hapa kwetu, chama cha askari wa zamani, Tanzania Legion, ndicho mahali pa kuanzia kwa jambo la babu wa Bama, kabla ya kuandika Uingereza.

Nimalizie na wale ambao bado tunao. Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Tunayo makaburi ya mashujaa Kaboya, tunayo Naliendele ya waliokufa kwa ajili ya Msumbiji, na kila tarehe 25 Julai taifa husimama kuwakumbuka. Lakini katika vita ile walikwenda na mgambo wengi waliochukuliwa vijijini, wengine kutoka Rufiji hii hii, ambao baada ya vita walirudi kulima mpunga na kukaa madunguni kufukuza ndege. Leo wana miaka sitini na kitu, sabini. Kama baba yako ni mmoja wao, mketi naye juma hili na daftari la shule la mtoto. Aseme namba, kikosi, kamanda wa kombania, tarehe aliyovuka mto Kagera na tarehe aliyorudi, na wenzake watatu walio hai na wanakoishi. Andika jina lake kama anavyolitamka yeye, na kama lilivyoandikwa jeshini, yote mawili, kwa herufi kubwa. Kisha wale watatu wafuatwe nao watie sahihi.